Wasomaji Wanauliza: Zana za Mtengenezaji wa Programu

Mwezi uliopita nilieleza kwa kifupi vitu vilivyoko juu ya meza yangu ya kazi hapa Dar es Salaam, na tangu hapo barua hazijakatika. Wengi wanataka kujua ni kompyuta ya aina gani, programu zipi na mpangilio upi unaomfaa mtu anayejipatia riziki kwa kuandika programu. Nimechagua barua saba. Nitaje mapema kipimo changu, maana kitajitokeza katika majibu mengi: ninakipenda kifaa kinachoendelea kufanya kazi umeme ukikatika na bando likiisha.

Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa kwanza wa kompyuta hapa Morogoro. Baba ameniahidi kompyuta mpakato, lakini fedha aliyonayo haitoshi kununua mpya iliyo nzuri. Je, ninunue iliyotumika, na nitajuaje kwamba sijauziwa mbuzi kwenye gunia?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Nunua iliyotumika, tena bila kuona haya, kwa sababu kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi kubwa na kutumika miaka michache huwa imara kuliko mpya ya bei ya chini yenye gamba jepesi na kibodi inayobonyea katikati. Safu hii ninaiandika kwa ThinkPad T480, aina iliyotoka mwaka 2018, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Ina nafasi mbili za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hivyo unaweza kuanza na GB 8 na kuongeza nyingine 8 utakapopata fedha. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na hiyo ya nyuma unaweza kuichomoa na kupachika nyingine huku kompyuta ikiendelea kuwaka. Huchajiwa pia kwa waya wa USB-C, jambo ambalo utalishukuru siku chaja yake itakapoharibika.

Uangalie kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana. Ukiona mashine nzuri ya kizazi cha sita au cha saba inauzwa kwa bei ya kushangaza, huenda sababu ni hiyo. Ikiwa utatumia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kikwazo hicho hakikuhusu, na mimi ningekushauri uanze na aina yake iitwayo Ubuntu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004 na ambayo jina lake, lililotoka katika lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, lina undugu wa damu na neno letu *utu*.

Sasa twende dukani. Usikubali kuonyeshwa kompyuta ikiwa imekwisha kuwashwa, omba izimwe, uiwashe mwenyewe, na alama ya kampuni inapotokea bonyeza F1 (hiyo ni kwa ThinkPad, nyingine hutumia F2 au F10). Ukiulizwa neno la siri kabla ya kuingia katika mipangilio ya ndani, na muuzaji halijui, irudishe mezani na umshukuru, kwa sababu hilo ni kufuli la ofisi iliyoimiliki mwanzo na kulifungua si kazi ya kitoto. Ikishawaka, fungua ukurasa mweupe ujaze skrini nzima, utafute madoa na pembe zenye giza. Fungua kihariri chochote na ubonyeze kila kitufe, kimoja baada ya kingine, pamoja na vile usivyodhani utavitumia. Kama ni Windows, fungua dirisha la amri na uandike *powercfg /batteryreport*. Utapewa ripoti yenye tarakimu mbili za kulinganisha, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa ya pili haifiki nusu ya ya kwanza, bei ya betri mpya iondolewe katika bei ya kompyuta. Muuzaji mwaminifu atakusubiri dakika hizo ishirini, na anayekuharakisha amekwisha kukupa jibu.

Assalamu alaykum. Nimeajiriwa hivi karibuni katika ofisi ambayo wenzangu hubishana kila siku kuhusu kihariri cha kuandikia msimbo, yaani maandishi ya programu. Wengine ni wa VS Code, wengine ni wa Vim. Je, kuna tofauti ya maana, au ni ushabiki tu kama wa mpira?
*Mtengenezaji wa programu, Mombasa*

Wa alaykumu salaam, dada au kaka yangu. Tofauti ipo, ila haiko pale wanapobishania.

Kwa kazi ya kutwa tumia VS Code. Microsoft iliitoa mwaka 2015, ni ya bure, inaelewa karibu kila lugha ya programu utakayokutana nayo, na kwa kuwa wengi wanaitumia, kila tatizo utakalolipata limekwisha kumpata mwingine kabla yako. Viongezi vyake, yaani vipande vya kukiongezea kihariri uwezo, usivirundike. Mimi nina saba, na kila mwaka huondoa kimoja au viwili.

Pamoja na hayo, jifunze Vim angalau kwa kiasi cha kujiokoa. Ipo siku utaingia katika seva ya mteja, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha programu yake, usiku wa manane, kwa mtandao wa simu unaosuasua, na mbele yako hapatakuwa na madirisha wala mausi, bali mstari mmoja unaosubiri amri. Karibu kila seva ya Linux utaikuta ina vi au Vim. Ya kwanza iliandikwa na Bill Joy huko California mwaka 1976. Ya pili ni kazi ya Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeitoa kwa umma mwaka 1991. Yatosha kuanza na machache: herufi *i* kuanza kuandika, kitufe cha Esc kuacha, *:w* kuhifadhi, *:q!* kutoka bila kuhifadhi, *u* kutengua ulichokosea, *dd* kufuta mstari mzima, na alama ya mkwaju ikifuatwa na neno unalolitafuta. Ukishayazoea, jaribu *ciw* ukiwa juu ya neno: neno linaondoka na wewe uko tayari kuandika jingine mahali pake. Hapo ndipo utaelewa kwa nini wenzako hawataki kuiacha, maana amri zake ni kama sentensi, kitenzi kikifuatwa na kinachotendwa.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mtengenezaji wa programu wa Afrika Mashariki alijue. Ukiifungua Vim bila faili, utaona mistari michache katikati ya skrini, na mara nyingi mmojawapo unaomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifika Kibaale, eneo la Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akajitolea mwaka 1994 katika kituo cha watoto kilichokuwa kinawahudumia waliofiwa na wazazi kwa ukimwi, na kazi yake huko ilikuwa ya maji na usafi. Aliporudi kwao hakuitoza fedha programu yake. Aliweka ombi hilo ndani yake, na yeyote aliyeguswa akaweza kuchangia Kibaale. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Watu walioiona mistari hiyo kila asubuhi duniani kote ni wengi sana, na ni wachache miongoni mwetu, majirani wa Rakai, tunaojua habari yake.

Mtaani kwetu umeme hukatika bila taarifa, na bando likiisha nabaki kama kuku aliyenyeshewa. Ninafikiria kununua jenereta ndogo kwa mkopo. Unanishauri nini?
*Mtengenezaji wa programu wa kujitegemea, Mwanza*

Ndugu yangu, usichukue mkopo huo kabla ya kupiga hesabu ya umeme unaouhitaji kwa kweli. Kompyuta mpakato ina betri yake. Simu ina yake. Kinachozimika pale umeme unapokatika ni ruta, na ruta hula umeme kidogo mno. Igeuze usome lebo ya nyuma. Ikiwa imeandikwa volti 12 na ampea 1, basi haizidi wati 12. Pawabenki ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74. Ukiondoa kinachopotea njiani bado utaiwasha ruta hiyo kwa saa tano hivi, kwa kutumia kebo inayopandisha volti hadi 12. Maduka ya vifaa vya umeme huuza pia UPS ndogo za ruta (betri za akiba) zilizo tayari, ambazo hushika kazi papo hapo umeme unapoondoka, na mimi ninayo moja iliyofungwa ukutani nyuma ya meza. Hakikisha tu kwamba volti zinalingana kabla ya kuchomeka.

Intaneti ni jambo jingine, kwa sababu huwezi kuiweka akiba kwenye betri. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi zetu kadhaa zikawa na mtandao dhaifu au zikakosa kabisa. Siku hiyo nilikuwa na kazi ya kukabidhi Jumanne yake. Niliendelea kuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Zeal, programu ya bure ambayo huhifadhi ndani ya kompyuta maelezo rasmi ya lugha na maktaba za msimbo unazozitumia. Ukiandika jina la amri inakupa ukurasa wake bila kugusa mtandao. Ya pili ni Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ambayo Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Alitaka kila mtu awe na historia nzima ya msimbo kwenye mashine yake, hivyo unaweza kuhifadhi kila hatua, kufungua tawi jipya na kurudi ulikotoka ukiwa juu ya mlima usio na mnara wa simu, halafu ukapeleka yote kwa mkupuo mtandao utakaporejea.

Bando nalo lina namna yake ya kubanwa. Unapochukua msimbo wa mtu mwingine kwa ajili ya kuusoma tu, andika *git clone --depth 1*, upate hali ya leo bila historia ya miaka kumi. Katika Windows, weka alama kwamba mtandao wako unalipiwa kwa kipimo, ili masasisho mengi yasijipakue usiku wakati wewe umelala.

Na kwa kuwa umetaja kujitegemea, ruhusu nikuongezee usichoniuliza. Mwaka 2011 diski yangu ilikufa ikiwa na kazi ya miezi mitatu ya mteja, nami nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya majuma matano nyuma. Ilisikika sauti kama ya saa ya ukutani, tiki, tiki, kisha kimya. Niliandika upya yale majuma matano kwa kichwa, usiku baada ya usiku, na malipo hayakuongezeka hata senti. Tangu hapo kila msimbo wangu unakaa mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyoko kwa dada yangu Mbagala, na kwenye seva iliyo mbali.

Habari zako mwandishi. Nimeandika programu ya kusajili wanachama wa chama cha akiba. Jina kama Ng'ang'a wakati mwingine linaonekana na wakati mwingine halionekani nikilitafuta, ingawa nikilitazama kwa macho halina kasoro. Ni zana gani itakayonionyesha kosa?
*Nakuru*

Swali lako limenifurahisha kuliko yote ya mwezi huu, maana ni tatizo letu wenyewe. Hiyo alama ya ritifaa katika ng' ina sura zaidi ya moja. Ukibonyeza kitufe chake kwenye kibodi ya kawaida unapata alama iliyonyooka. Lakini iPhone na Microsoft Word, zikiachwa kwa mipangilio ya kawaida, huigeuza kuwa iliyopinda, zikidhani unafunga nukuu. Kwa jicho la mtu ni alama ileile, ila kwa kompyuta hizo ni herufi mbili zisizojuana.

Zana unayoitafuta ni *xxd*, ambayo huja pamoja na Vim niliyoitaja hapo juu. Weka majina mawili katika faili, moja linaloonekana na moja lililogoma, uyapitishe humo, utaona kila herufi kwa tarakimu zake. Alama iliyonyooka itaonekana kama *27*, na iliyopinda kama *e2 80 99*. Ukishayaona kwa macho yako, dawa ni kuandika kipande kidogo cha msimbo kinachoigeuza kila alama iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla jina halijaingia katika hifadhidata, na kufanya vivyo hivyo kwa neno linalotafutwa.

Na uangalie jingine lililo hatari zaidi. Ikiwa unaunganisha jina moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiamrisha hifadhidata, ile alama iliyonyooka itaifunga sentensi katikati, na aitwaye Ng'ang'a hataweza kusajiliwa kabisa; mtu mwenye nia mbaya ataitumia nafasi hiyohiyo kuchota taarifa za wanachama. Tumia amri zenye vigezo, yaani jina lipelekwe kando ya amri na si ndani yake, ambazo kila maktaba ya hifadhidata inazo. Wazungumzaji wa lugha zetu wenye ng' katika majina yao hawapaswi kuwa ndio wanaokataliwa na kila fomu.

Nafanya kazi na timu ya London nikiwa Arusha, na mara mbili nimefika mkutanoni nimechelewa saa nzima. Kuna programu ya kunisaidia?
*Arusha*

Kalenda uliyonayo inatosha, mradi mkutano uandikwe kwa saa za London na si kwa saa zetu. Sisi hatubadilishi saa mwaka mzima. Wao huzisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo tofauti yetu ni saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Mkutano wao wa 10:00 ni saa saba mchana kwako mwezi Januari, na saa sita mwezi Julai. Google Calendar huweza kuonyesha safu mbili za saa kando kwa kando, iwashe leo.

Mimi ni mama wa mtoto wa miezi minane na ninafanyia kazi nyumbani. Nimejaribu programu nne za kupanga kazi, na kila moja imegeuka kuwa kazi nyingine. Wewe unatumia ipi?
*Tanga*

Pole na hongera, dada yangu. Nilipita njia hiyohiyo, na nilichobaki nacho ni faili moja ya maandishi matupu iitwayo *leo.txt* pamoja na daftari la shule la kurasa 48. Asubuhi huandika katika faili mambo matatu tu. Yakiisha, nashukuru. Daftari ni la kufikiria: michoro, mishale, maswali ya kumuuliza mteja.

Wengi watakushauri njia ya Pomodoro ya Francesco Cirillo, iliyopewa jina la nyanya kwa Kiitaliano kwa sababu alianza na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, dakika 5 za kupumzika. Ni njia nzuri kwa kazi ya kujibu barua, lakini kwa kutafuta kosa lililojificha naiona fupi, kwa kuwa kengele hulia ndipo unapoanza kuelewa. Mimi siku yangu hukatwa na adhana. Kati ya adhuhuri na alasiri nina takriban saa tatu zisizoguswa, na kazi ngumu ya siku naiweka humo. Wewe adhana yako ni usingizi wa mtoto. Jambo litakalokusaidia kuliko programu yoyote ni kuandika, kila anapoanza kulia, sentensi moja juu ya msimbo ulipoachia: "nilikuwa ninaangalia kwa nini jumla inazidi kwa mia moja". Saa mbili baadaye sentensi hiyo itakurudisha pale pale, badala ya kuanza kutafuta ulikokuwa.

Ukiambiwa ubaki na kifaa kimoja tu, mbali na kompyuta, utabaki na kipi?
*Unguja*

Simu ya bei ya chini kabisa ninayoweza kuipata dukani. Ya sasa ni ya Android Go, toleo lililotengenezwa kwa simu zenye RAM ndogo, na imeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB kutwa nzima. Kila ninachokiandika kinajaribiwa humo kwanza. Inanipunguzia mzigo pia, kwa sababu simu ya kuigiza ndani ya Android Studio, zana ya kutengenezea programu za Android, humeza RAM ambayo kompyuta ya mtumba haina ya kugawa.

Nilijifunza thamani yake sokoni Temeke. Nilikuwa nimetengeneza programu ya kuandikia mauzo, nikampelekea mama mmoja muuza nyanya aijaribu. Simu yake ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, mwanga ameupunguza ili betri ifike jioni, na jua la saa saba lilikuwa juu yetu. Alikiinua kioo, akakikinga kwa kiganja, akakigeuza huku na huku, kisha akanirudishia simu kwa upole akisema, "Mwanangu, hapa hamna kitu kilichoandikwa." Maandishi yalikuwapo, ya kijivu juu ya nyeupe, na mezani kwangu yalipendeza sana. Usiku ule nilipima tofauti ya rangi zile mbili, nikakuta haifiki 4.5 kwa 1 ambayo WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya kurasa zisomeke na watu wote, unaitaka kwa maandishi ya kawaida. Niliyafanya meusi, nikayakuza, nikapunguza mwanga wa simu yangu ya bei ya chini hadi robo na kutoka nayo uani asubuhi ili niisome juani kabla ya kurudi Temeke.